Strawu ya mpunga iliyoota uyoga: ng'ombe apewe ama asipewe?

Mama Wambui wa Ruai ameniuliza hivi, nafupisha: ana ng'ombe wanne wa maziwa ndani ya ploti, nepia imeisha, hei imepanda bei, kwa hivyo ananunua strawu ya mpunga inayoletwa na lori kutoka Mwea, lakini ng'ombe wanaichagua chagua na karibu nusu inabaki kwa hori. Jirani yake ni kijana anayelima uyoga wa oista kwa mifuko, kila wiki anatupa mifuko iliyomaliza kuzaa, sasa amemwambia aichukue bure alishe kwa sababu uyoga umeshalainisha ile strawu. Tena ameona video ya mtu anapanda uyoga kwa strawu makusudi iwe chakula cha ng'ombe. Kwa hivyo anauliza, ile mifuko ni chakula ama ni takataka, je anaweza kupanda kuvu mwenyewe, na mbona kila siku tunaambiwa chakula chenye ukungu ni sumu halafu ukungu huu mwingine uwe dawa?

Mama Wambui, asante kwa kuuliza kabla hujalisha. Nikupe jibu fupi kwanza ndio kesho asubuhi usiende kubeba mifuko na mkokoteni. Mifuko ya jirani usiifanye chakula cha kutegemea. Kupanda kuvu kwa strawu inawezekana na sayansi yake ni ya kweli kabisa, watu wanaishughulikia tangu miaka ya 1970, lakini strawu ya mpunga ndiyo inayofaidika kidogo, na kwa ng'ombe wanne wanaotaka kula kila siku, kuitibu kwa yuria, ile ya mbolea, kutakusaidia mapema zaidi. Sasa nikueleze kwa nini, maana ukijua kwa nini hutadanganywa na video.

Strawu haikosi nguvu. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni selulosi na hemiselulosi, yaani sukari iliyofungwa minyororo mirefu, na ng'ombe kazi yake ndiyo hiyo, kufungua minyororo ambayo mimi na wewe hatuwezi. Shida ni lignini. Hapo Ruai kila upande watu wanajenga, umeona fundi akisimamisha nguzo: kuna vyuma, kuna waya wa kufungia vyuma, halafu anamwaga zege. Selulosi ni vyuma, hemiselulosi ni waya, lignini ni zege. Vijidudu vya tumbo la ng'ombe vinataka vyuma, lakini zege likishakauka haviingii. Na mmea unamwaga zege zaidi kadiri unavyokomaa, ndio maana nepia ya mita moja ng'ombe anaimaliza na nepia iliyokupita kichwa anabakisha mashina.

Mbona vijidudu visivunje zege wenyewe? Kwa sababu kuivunja lignini kunahitaji hewa, oksijeni kabisa, na ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe hakuna hewa ya maana. Na ujue ng'ombe wako tayari ana kuvu zake mle tumboni. Zamani wataalamu wakiona vile vijimbegu vyake vinaogelea kwa maji ya tumbo walidhani ni wanyama wadogo wenye mkia, mpaka Colin Orpin wa Uingereza mwaka 1975 akaonyesha ni kuvu zinazoishi bila hewa. Zinachomeka mizizi yake ndani ya strawu na kuipasua, na zinafanya kazi kubwa sana, lakini lignini yenyewe haziwezi kuila. Zinapitia kwa nyufa tu.

Sasa kuvu za nje, hizi za kuozesha miti zikaacha mbao nyeupe, ndizo pekee zilizo na vifaa kamili vya kuvunja lignini. Oista ni mmoja wao, shiitake ni mwingine. Zinatoa vimeng'enya ambavyo kwa msaada wa oksijeni vinakatakata lignini vipande vipande. Na si jambo la maabara peke yake. Kusini mwa Chile, kwenye misitu ya mvua, kuna magogo yaliyoozeshwa na kuvu za aina hiyo mpaka yakawa meupe na laini kama sponji, wenyeji wanayaita palo podrido, na ng'ombe wanayala. Gogo la mti, Mama Wambui! Kuvu ikifanya kazi vizuri inaweza kufanya mbao iwe malisho, kwa hivyo huyo wa video hajatunga.

Lakini kuvu haifanyi kazi ya bure. Na yenyewe inakula, inapumua, inakua. Wiki za kwanza inakimbilia vile rahisi, sukari nyepesi na hemiselulosi, vile vile ambavyo ng'ombe angekula. Kwa hivyo kuna kipindi strawu yako inakuwa mbaya kuliko ulivyoanza, umepoteza vizuri na zege bado liko. Ni baadaye ndio lignini inaanza kushuka vya kutosha na vyuma vinabaki wazi. Kuna kuvu zinazochagua vizuri, zinakula lignini na kuacha selulosi nyingi, moja inayosifiwa sana na watafiti inaitwa Ceriporiopsis subvermispora lakini hiyo haizai uyoga wa kupika. Kuna zingine zinakula vyote pamoja. Oista yuko hapo katikati, na aina moja ya oista si sawa na nyingine. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "uyoga unaongeza lishe ya strawu", muulize uyoga gani, wiki ngapi, kwa strawu ya nini. Asipojibu, mwache.

Hapo ndipo mifuko ya jirani inapoanguka. Yeye hakupanda uyoga kulisha ng'ombe, alipanda auze, na ameshavuna mara mbili ama tatu. Ule uyoga uliokwenda sokoni umetengenezwa na nini? Umetengenezwa na strawu. Vyuma vimeshaliwa vikageuka uyoga na hewa, na kilichobaki ni mabaki ya mezani. Protini kwa asilimia inaweza kuonekana imepanda, lakini angalia hesabu: strawu kilo 100 iko na protini kama kilo 4. Kuvu ikila kilo 20 zikabaki 80, zile kilo 4 sasa ni asilimia 5. Kuvu haijaongeza hata gramu moja, imepunguza tu vile vingine, na vijidudu vya tumbo vinataka angalau asilimia 7 hivi ndio vifanye kazi bila kulegea.

Mimi mwenyewe nilikosea hapo nikiwa kijana kazini. Nilimshauri mkulima mmoja alishe mifuko iliyokwisha, nikiwa nimesoma kuhusu kuvu na nimejaa furaha. Siku ya nne akaniita. Tulifungua mfuko pamoja pale kwa zizi: nje ulikuwa mweupe, unanukia uyoga, lakini tulipoupasua katikati kulikuwa na kiraka cha kijani kibichi ukubwa wa kiganja na chini maji ya kahawia yenye harufu ya uchachu. Ng'ombe alikuwa amekula ya nje, akaacha ya ndani, na maziwa yalikuwa yameshuka. Tena tulipochambua hori tukapata vipande vya karatasi ya nailoni vya ule mfuko, vimetafunwa. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi, kwa sababu nailoni haitoki tumboni, inakaa mle inajikusanya na ng'ombe anakonda mbele yako huku anakula. Wewe unajua Nairobi, hata baada ya mifuko ya kubebea kupigwa marufuku Agosti 2017 bado ng'ombe wanapasuliwa kichinjioni na nailoni inatoka. Usiongeze zingine kwa mkono wako.

Kwa hivyo mifuko hiyo ifanye mbolea ya mboga, itakufaa sana. Kama siku moja huna kabisa kitu na jirani amekuletea mfuko mpya aliotoa leo asubuhi, umeupasua wote, ni mweupe kote, hauna kijani wala cheusi wala manjano, haunuki vibaya, na amekuapia hakupulizia dawa ya nzi mle ndani, basi mpe ng'ombe mkavu kilo moja mbili juu ya chakula kingine, nailoni yote ikiwa imetolewa. Anayekamuliwa usimpe. Na kama ni uyoga wa batani, ule mweupe wa duara, hapo sema hapana kabisa, maana ule hulimwa kwa mboji inayotengenezwa na samadi na jasi, si chakula cha mnyama.

Turudi kwa strawu ya mpunga. Mpunga una lignini kidogo kuliko ngano! Zege lake ni jembamba. Kinachoufanya mgumu ni silika, yaani mchanga ule ule wa kioo, mmea unaufyonza kutoka kwa maji ya mashamba na kuuweka kwa majani. Pitisha kidole kwa ukingo wa jani kavu la mpunga utausikia unakwaruza. Kati ya kilo 100 za strawu kavu ya mpunga, kama 15 ni majivu na mengi yake ni silika. Kuvu haili mchanga. Sasa ikila kilo 20 za vile vingine, zile 15 ziko pale pale, lakini ndani ya 80, ni karibu asilimia 19 ya kitu kisicholiwa. Umefanya kazi wiki sita, umechoma kuni za kuchemshia strawu, na umemwekea ng'ombe mchanga mwingi zaidi kwa kila kilo. Ndio nasema kuvu itafutie mabua ya mahindi ama strawu ya ngano ya Narok, huko lignini ndiyo kizuizi kikubwa na huko kazi yake inaonekana. Na kwa sababu silika ya mpunga imejaa kwa majani kuliko kwa shina, ukiona ng'ombe anakula vijiti vya mpunga na kuacha majani usishangae, kwa mpunga shina ndilo laini tumboni, ni kinyume na mahindi.

Umeuliza kama unaweza kupanda mwenyewe. Unaweza, lakini tupige hesabu ya kwako. Tuseme unataka kila ng'ombe apate kilo 4 za strawu iliyopandwa kuvu kwa siku, ni kilo 16. Kuvu inataka kama wiki sita, siku 42. Kwa hivyo kila wakati lazima uwe na kilo 672 za strawu kavu ziko njiani. Kuvu haioti pakavu, inataka karibu asilimia 65 ya uzito iwe maji, hapo unaongea tani karibu mbili zikiwa zimeloa. Kwa mifuko ya kilo 4 ni mifuko 480 imepangwa kwa rafu, ndani ya kivuli, safi. Mbegu ya uyoga ukiweka hata asilimia 3 ni karibu kilo 60 kila mzunguko. Na kabla ya kupanda lazima strawu yote ichemshwe ama ipikwe kwa mvuke, kwa sababu usipoua ukungu mwingine uliomo, ule wa kijani uitwao Trichoderma unawahi kufika kabla ya oista. Hebu fikiria kuni za kuchemsha tani mbili. Hiyo kuchemsha ndiyo imezuia jambo hili zuri lisifike kwa wakulima miaka yote hii. Kule Karnal, India, miaka ya 1980 walijaribu kukwepa kwa kutibu strawu kwa yuria kwanza, halafu wanapanda kuvu ndogo iitwayo Coprinus inayovumilia amonia, ile hewa kali inayotoka kwa yuria, ilikuwa akili nzuri sana, lakini kuvu ilikuwa inakula sehemu ya strawu yenyewe na faida ikawa inapotelea hapo.

Sasa suala la ukungu ni sumu, na hapa Mama Wambui nakuomba usome pole pole. Oista anayeota peke yake kwa strawu safi hatengenezi aflatoksini, ile sumu ya ukungu. Inayotengeneza ni Aspergillus flavus, ukungu wa rangi ya kijani-manjano unaopenda zaidi mahindi, njugu na mashudu yaliyohifadhiwa na unyevu. Lakini macho yako hayawezi kusoma sumu, na mfuko uliochanganyika hujui nani yuko ndani. Mwaka 2004 kule Makueni na Kitui watu 317 waliugua kwa mahindi yenye aflatoksini na 125 wakafa, na yale mahindi mtu aliyapika na kula nyumbani kwake bila kujua. Ng'ombe akiila, sehemu ya ile sumu inabadilika na kutokea kwa maziwa ndani ya siku moja tu, na kuchemsha maziwa hakuitoi. Wateja wako wana watoto. Kwa hivyo kanuni yangu ni nyepesi: ukungu ambao haukupandwa makusudi, kwa mbegu inayojulikana, juu ya strawu iliyochemshwa, usiingie kwa hori. Strawu ya mpunga iliyolowa mvua kwa lori ikaota madoadoa, hiyo nayo itoe hata kama umeilipia. Na ukifungua kitu chenye vumbi la ukungu funga kitambaa puani, hasa kama una pumu.

Haya, yuria. Ile ile ya mbolea, yenye asilimia 46 ya nitrojeni. Pima strawu kwa mizani, usikisie kwa beli kwa sababu beli za Mwea zinatofautiana sana. Kwa kila kilo 100 kavu chukua yuria kilo 4, yeyusha kwa maji lita 50 mpaka usione punje hata moja. Tandaza karatasi ya nailoni nzito ndani ya shimo ama kwenye kona ya ukuta, weka strawu tabaka tabaka, kila tabaka nyunyizia maji yake kwa kopo lenye matundu, halafu kanyaga. Kanyaga kweli kweli, watoto wakusaidie. Funika, ziba kingo zote kwa udongo, weka mawe juu. Joto la Nairobi la kawaida acha wiki tatu, Julai na Agosti acha nne. Yuria inageuka amonia, na amonia inalegeza zege na kuongeza nitrojeni, kwa hivyo ile asilimia 4 ya protini inaweza kufika 7 au 8 hata baada ya nyingine kupotea hewani.

Siku ya kufungua utajua mwenyewe: harufu inapanda mpaka machozi yanatoka, na strawu iliyokuwa ya manjano hafifu imekuwa ya kahawia ya dhahabu, ukiishika inajikunja badala ya kuvunjika. Isiponuka amonia na ikawa na ukungu, hewa iliingia, itupe ile sehemu. Ya kulisha kesho itoe leo jioni, itandaze ipate upepo usiku kucha. Anza na kidogo kwa siku za kwanza, ongeza pole pole kwa wiki mbili hivi. Ndama walio chini ya miezi sita usiwape. Ndoo ya maji ya yuria isiachwe karibu na ng'ombe hata dakika moja, akiinywa anaanza kutetemeka, anatoa povu, tumbo linajaa, na hapo ni siki iliyochanganywa na maji baridi mengi unamnywesha huku daktari wa mifugo anakimbia kuja. Na usitibu hei nzuri ya kijani kwa yuria ukidhani utaiboresha zaidi, nyasi yenye sukari nyingi ikikutana na amonia inaweza kutengeneza kitu kinachomfanya ng'ombe awe kama mwenda wazimu, na kinapita mpaka kwa maziwa kikamfikia ndama. Yuria ni ya strawu na mabua makavu tu.

Ng'ombe anayekupa lita 15 hataishi kwa strawu hata uitibu na nini. Mpe kilo tatu nne za hiyo, halafu majani ya viazi vitamu au lusani, machicha kama unapata mapya, dairy meal yake, na chumvi ya madini usikose kwa sababu majani ya mpunga yana oksalati inayoshika kalisi. Mitamba na aliyekaushwa ndio wale nyingi zaidi. Na hata kabla ya yuria kufika, katakata strawu vipande vya kama inchi moja mbili na uinyunyizie molasi iliyochanganywa na maji, peke yake hiyo itapunguza kile kinachobaki kwa hori.

Kama bado roho yako iko kwa kuvu, na mimi ningefurahi sana ujaribu, muombe kijana wako akupandie mifuko kumi tu ya mabua ya mahindi yaliyokatwa, atumie mbegu yake na sufuria yake, na asivune. Asiiweke yuria kabisa, kuvu nyingi zikipata nitrojeni nyingi zinalegea kazi ya lignini. Baada ya wiki sita ama saba pasua yote, kague, anika juani, halafu weka kilo mbili upande mmoja wa hori na kilo mbili za mabua ya kawaida upande wa pili, mbele ya ng'ombe mkavu, pima kinachobaki asubuhi kwa siku tano na uniandikie hizo namba. Nitumie na picha ya mfuko uliopasuliwa katikati, si wa nje.